Solo ni ya Nani? Njia ya Mpiga Gitaa wa Magharibi mwa Kenya

Mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes iliuimba upya wimbo wa Daudi Kabaka, "Helule Helule", nao ukapanda hadi nafasi ya 14 katika chati za kwao. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Rick Westwood, ana wasifu ambao shabiki yeyote anaweza kuupata. Mwaka wake wa kuzaliwa, 1943, unajulikana, bendi alizopitia zinajulikana, na hata wimbo alioongoza kwa sauti yake ukafika nafasi ya kwanza mwaka 1967 umeandikwa kwa jina lake. Kabaka naye tunamjua: Mluhya aliyezaliwa Kyambogo, Uganda, mwaka 1939, bingwa wa twisti, akafariki mwaka 2001.

Sasa chukua santuri za benga, muziki wa magitaa wa magharibi mwa Kenya, zilizotoka Nyanza na Uluhyani miaka ya 1970, usome lebo zake. Utaona jina la mtunzi, jina la bendi, jina la kampuni na namba ya santuri. Mpiga solo, yaani gitaa linaloongoza, ambaye vidole vyake ndivyo vinavyotuinua kwenye viti, mara nyingi hayumo. Ukitaka kujua alizaliwa wapi, alijifunza kwa nani, gitaa lake la kwanza lilikuwa la nani, itabidi upande matatu uende Nyakach au Kisa ukaulize wazee.

Wengi hudhani huu ni uzembe wa wachapishaji wa lebo. Mimi sioni hivyo. Jina lake limepotea kwa sababu ya namna anavyojifunza, namna bendi zinavyoundwa, na namna sheria inavyohesabu nani ameumba muziki. Mambo hayo yamesukana, na ukilivuta moja utayavuta yote, kwa hiyo nitayafuata kwa mpangilio wa maisha yake mwenyewe, tangu utotoni.

Mikono iliyozoea nyuzi

Gitaa halikuikuta magharibi mwa Kenya ikiwa kimya. Waluo walikuwa na nyatiti, yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji huketi chini kwenye kigoda, akazing'oa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili huku pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu ikigonga fremu na njuga zikilia mguuni. Walikuwa pia na orutu, fidla ya uzi mmoja. Wabukusu walikuwa na litungu. Mtoto aliyekulia katika boma la namna hiyo alikuwa ameshasikia, kabla hajaliona gitaa, kwamba chombo cha nyuzi kinaweza kubeba mdundo na sauti ya wimbo kwa wakati mmoja. Hili ndilo jambo la kwanza la kulielewa kuhusu wapiga gitaa wa huku, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote.

Gitaa lenyewe lilikuja kwa njia nyingi. Baadhi ya askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walirudi nalo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901 kupitia Nakuru, ilikuwa imeleta mishahara, maduka ya Wahindi na gramafoni. Santuri zilitembea kuliko watu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, aliwakuta wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba wimbo wa kumsifu Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Marekani aliyekuwa amefariki miaka kumi na saba nyuma. Walimjua kwa santuri tu, nao walikuwa wamemgeuza kiumbe wa ajabu, nusu mtu, nusu swala. Kama sauti ya mtu na gitaa lake inaweza kuzua hadithi kama hiyo katika vilima vya Kericho, si vigumu kuona ilivyowashika vijana wa kando ya ziwa.

Miaka miwili baadaye Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Wimbo wake "Masanga" uliwafundisha wapiga gitaa wa Afrika Mashariki kwamba mtu mmoja anaweza kusikika kama wawili: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinacheza sauti ya juu. Baadaye Mwenda alifika Nairobi mwenyewe, na mwenzake kutoka Katanga, Edouard Masengo, pia akafanya kazi huko. Vijana wetu waliwasikiliza kwa makini sana.

Aliyeichukua mbinu hiyo akaifanya ya nyumbani ni George Mukabi wa Kisa, upande wa Butere. Mtindo wake uliitwa omutibo. Gumba linazunguka bila kukoma, shahada inajibu sauti ya mwimbaji, na kando yake mwenzake anakwaruza chupa ya Fanta yenye mikunjo ili kuweka mdundo. Wimbo wake "Sengula Nakupenda" ulienea nchi nzima. Mukabi alizaliwa mwaka 1930 na kuuawa mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka thelathini na ushee tu, lakini mkono wake bado unasikika. Abana ba Nasery, kundi la Bunyore lililoongozwa na Shem Tube, walitembea na muziki wa jamii hiyo hadi Ulaya, chupa ya Fanta ikiwemo, na mwaka 1992 wakatoa albamu iliyorekodiwa Uingereza.

Mkebe, waya na hasira za baba

Mpiga gitaa wa kijijini huanza na kitu ambacho si gitaa. Mkebe wa mafuta unawekwa shingo ya ubao, waya za breki ya baiskeli zinafumuliwa na kuwa nyuzi, misumari inakuwa vigingi. Chombo hiki hakikai kwenye sauti zaidi ya dakika chache, na hapo ndipo sikio la mtoto linapofunzwa, kwa sababu kila mara anapocheza lazima akikaze upya. Wapiga solo wengi wazuri wa huku wana sikio la ajabu la kuvuta nyuzi bila kifaa chochote, na naamini mkebe ndio uliowapa.

Kisha kuna baba. Katika nyumba za Wakristo wa Nyanza na Uluhyani, gitaa lilihesabiwa kuwa chombo cha pombe na wanawake. Kinanda na ngoma za kanisa sawa, gitaa hapana. Kijana alijifunza akijificha, kwa kaka au binamu aliyefanya kazi mjini na kurudi Desemba na gitaa kavu la kuazima. Ndiyo maana ukimwuliza mpiga gitaa mzee ni nani alimfundisha, atakutajia jamaa aliyekuwa na chombo, wala hatakutajia mwalimu. Hakuna cheti, hakuna shule, hakuna daftari. Mwanzo wa maisha yake ya kazi hauna karatasi, na mtu asiye na karatasi ya mwanzo ni rahisi kumwacha nje ya karatasi ya mwisho.

Hatua inayofuata ni kubeba vyombo. Kijana anaifuata bendi ikienda kupiga matangani au kwenye baa ya sokoni, anabeba spika, anazungusha nyaya, anaangalia vidole. Usiku wa manane, mpiga rithim, gitaa la kushika mdundo, akienda kula, mkubwa anamwambia, "Kijana, shika hapo." Akishika vizuri, kesho anaitwa tena. Kutoka rithim anapanda hadi sekondi, gitaa linaloifuata solo, na kutoka sekondi, kama mkubwa wake atahama au kufariki, anapanda hadi solo. Njia hii inaweza kuchukua miaka mingi, na kuna waliozeekea kwenye rithim wakiwa na uwezo wa kupiga solo kuliko bosi wao.

Ndani ya wimbo wa benga

Ili kuona anachokitunga mpiga gitaa, inabidi kuufungua wimbo wenyewe. Benga ya kawaida ina solo, sekondi, rithim, besi na ngoma. Mtunzi huleta maneno na sauti ya kuimba. Mara nyingi huja nayo kichwani tu, akiiimba kwa mdomo mbele ya wenzake. Besi inatafuta mahali pa kusukuma, nayo katika benga husukuma kwa nguvu, ikikatakata badala ya kutambaa. Mpiga solo anasikiliza, kisha anatafuta mstari utakaoijibu sauti ya mwimbaji: mwimbaji anamaliza ubeti, gitaa linarudia maneno yake bila maneno. Ukisikiliza kwa makini utaisikia nyatiti pale. Zile noti zinazong'olewa mojamoja, haraka, zikizunguka na kurudi pale zilipoanzia, ni mkono wa nyatiti uliohamia kwenye amplifaya.

Sekondi hufuata solo kwa karibu, wakati mwingine ikicheza mstari uleule kwa sauti iliyo chini kidogo, wakati mwingine ikijaza nafasi ambazo solo imeacha. Kwa mgeni magitaa haya mawili husikika kama moja lenye mikono mingi. Kuyatenganisha ni raha ambayo namtakia kila msikilizaji: vaa visikilizio, chagua gitaa moja, lifuate mpaka mwisho, kisha rudia wimbo ukifuata lile lingine.

Halafu maneno yanakwisha, mwimbaji anakaa pembeni, na magitaa yanabaki yenyewe yakipanda moto. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba hadithi. Upande wa pili uliandikwa tu kuwa ni sehemu ya 2, na mara nyingi sehemu hiyo ilikuwa ya magitaa tangu mwanzo hadi mwisho. Huko ndiko watu walikochezea. Kwenye lebo ya upande huo, jina la mtunzi ni lilelile la upande wa kwanza. Mtu aliyeujaza kwa vidole vyake hakutajwa.

Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi

Mbona basi asidai? Kwa sababu gitaa la umeme halikuwa lake. Katika bendi nyingi za enzi ile vyombo vilikuwa vya kiongozi, vya mwenye baa, au vya prodyuza aliyevinunua akitarajia kulipwa kwa rekodi. Mpiga gitaa aliingia na vidole vyake na kutoka navyo. Akigombana na kiongozi usiku, asubuhi hana kitu cha kupigia. Lazima atafute mwenye vyombo mwingine, na hapo linazaliwa jina jipya la bendi.

Hii ndiyo sababu majina ya bendi za benga yanachanganya sana. Ochieng Nelly na Collela Mazee, miongoni mwa wakubwa wa miaka ya 1970, walitoa rekodi chini ya majina kadhaa yenye neno Victoria ndani yake, mengine yakiwa ya bendi ileile na mengine ya waliojitenga. Mtu anayekusanya santuri leo akiona Victoria Jazz na Victoria Kings hawezi kujua kwa jina tu kama solo ni ya mkono mmoja au wa wawili tofauti. Inabidi ajue kwa sikio.

Maprodyuza walikuwa na nguvu kubwa. Kericho kulikuwa na Chandarana, duka na studio iliyorekodi muziki wa Wakalenjin, Waluo, Waluhya na wengineo wa ukanda huu. Nairobi kulikuwa na Phares Oluoch Kanindo, mtu wa kutoka Nyanza Kusini aliyeisambaza benga hadi kusini mwa Afrika, na baadaye akaingia Bunge. Namheshimu Kanindo, kwa sababu bila pesa na bidii yake magitaa mengi yangebaki kijijini. Lakini tazama kilichotokea Zimbabwe. Huko wapenzi wa muziki waliuita mtindo mzima kanindo, kwa sababu ndilo jina walilolisoma kwenye lebo. Wapiga gitaa wa Zimbabwe walijifunza solo zetu noti kwa noti, zikasaidia kuijenga sungura, mtindo wao wa muziki wa magitaa, na jina lililosafiri nazo likawa la mfanyabiashara.

Aliyeponea

Daniel Owino Misiani anaonyesha ni nani huponea. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, ambako Waluo wanaishi pande zote za mpaka, akavuka kuja Kenya ujana wake ukiwa bado mbichi na kuanza kurekodi miaka ya 1960. Alipiga gitaa, alitunga, aliimba, na zaidi ya yote aliongoza Shirati Jazz mwenyewe. Nyimbo zake za mafumbo kuhusu wakubwa zilimtia ndani zaidi ya mara moja. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu tarehe 17 Mei 2006, na nchi nzima ilimlilia kwa jina lake.

Tunamkumbuka kwa haki. Ila tunamkumbuka kwa sababu kofia zote zilikuwa kichwani kwake. Kijana aliyekuwa akipiga sekondi nyuma yake kwa ustadi uleule alikuwa na kofia moja, nayo ndiyo ambayo sheria na soko havikuiona.

Sheria inavyohesabu

Hapa mambo huwa magumu, kwa hiyo nitakwenda polepole. Wimbo mmoja uliorekodiwa, kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, una haki za aina tatu ndani yake. Kuna haki ya mtunzi juu ya maneno na sauti. Kuna haki ya prodyuza juu ya rekodi yenyewe. Na kuna haki ya waliopiga na kuimba siku ile studioni. Redio ya Kisumu au matatu ya kwenda Nakuru ikiucheza wimbo huo, pesa zinazotozwa zinapaswa kuwafikia wote watatu, kila mmoja kupitia chama chake. Kwa miaka mingi MCSK ndicho kilichojulikana kwa watunzi, KAMP kwa maprodyuza na PRISK kwa wapigaji na waimbaji. Leseni za vyama hivi zimebishaniwa mara kwa mara na Bodi ya Hakimiliki, hata mahakamani, hivyo mwanamuziki akatazame kwanza nani ana leseni kwa mwaka husika kabla hajajaza fomu.

Wengi humwambia mpiga solo, "Wewe si mtunzi, huna lako." Si kweli. Hata kama hakutunga neno moja, ana haki ya mpigaji. Tatizo ni kwamba ili alipwe lazima rekodi imtaje, na tumeshaona lebo zilivyomwacha.

Tatizo la pili ni miaka. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Haki ya mpigaji huhesabiwa kuanzia mwaka wa rekodi, nayo ni miaka 50. Weka namba mezani. Nyimbo alizotunga Misiani zinalindwa mpaka mwisho wa 2056. Aliyempigia gitaa kwenye rekodi ya mwaka 1972, hesabu yake ilifika kikomo mwisho wa 2022, hata kama yuko hai, ana nguvu, na bado anapiga harusini Jumamosi. Kwa hesabu hiyohiyo tungo za Mukabi zilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2013. Sioni haki katika mpangilio unaomwacha mpigaji ashuhudie haki yake ikifa kabla yake, na nasema hivyo nikijua kwamba nchi nyingine nazo zimeweka mipaka ya namna hii.

Kuna mlango mmoja ambao wapiga gitaa vijana wa Kondele na Kakamega wanapaswa kuupitia mapema. Sheria inakubali utunzi wa pamoja, pale ambapo michango ya watu wawili au zaidi haiwezi kutenganishwa. Solo iliyotungwa mazoezini, ambayo bila yake wimbo si wimbo, ni mchango wa namna hiyo, na mgawanyo unaweza kuandikwa kwa asilimia wimbo unaposajiliwa. Mazungumzo hayo yafanyike siku ileile ya studio, kabla ya rekodi kutoka. Wimbo ukishapendwa, hakuna anayekumbuka solo ilitoka kwa nani.

Pesa za usiku

Katikati ya haya yote mpiga gitaa ameishi kwa nini? Kwa pesa za usiku. Katika baa za Kisumu, pakruok ndiyo iliyolisha bendi: mteja anatoa noti, bendi inashusha sauti, naye anasimama kujisifu, kusifu marafiki, kusifu kwao. Chini ya maneno yake lazima kuwe na gitaa, maana bila gitaa pakruok ni kelele tu. Mpiga solo anaweza kuuzungusha mstari mmoja kwa muda mrefu, akiupunguza na kuupandisha kulingana na kifua cha mteja, na kila anapoupandisha vizuri noti nyingine inatoka. Hii ni kazi ya akili nyingi, nayo haijawahi kuandikwa kwenye fomu yoyote. Alfajiri pesa zinahesabiwa, kiongozi anagawa, na wa gitaa anachukua alichopewa. Matanga ya wikendi nayo yamelisha familia nyingi za wanamuziki, hasa vijijini, ingawa serikali imekuwa ikipiga marufuku disko matanga, yaani muziki wa kuchezwa usiku msibani, mara kwa mara.

Siku hizi santuri za zamani zimepandishwa YouTube na watu wanazisikiliza usiku kucha. Chini yake utaona wasikilizaji wakibishana, mmoja akisema solo hii ni ya mjomba wake kutoka Ugenya, mwingine akikataa. Mabishano hayo nayathamini sana, kwa kuwa pengine ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki. Rekodi za mwaka 1980 zitamaliza muda wake wa ulinzi mwisho wa 2030, na wengi waliozipiga wamo kwenye miaka ya sabini na themanini ya umri wao. Aliye na mzee wa namna hiyo kwao akae naye wiki hii na simu ya kurekodia, amchezee wimbo mmoja baada ya mwingine, amwulize: ilikuwa mwaka gani, studio ipi, vyombo vya nani, mlilipwa kwa wimbo au kwa siku, nani alishika solo, nani sekondi, nani rithim. Na aulize pia jina la aliyepiga besi.